Nilipanda Ukoka, Mama Akapotea Uwanjani Kwake

Mpendwa mshauri Bi Joha, shikamoo. Naomba msaada wako, na kama inawezekana naomba usiiweke barua hii chini ya nyingine, kwa sababu Jumamosi ya wiki ijayo mama yangu mdogo, Evelina, anakuja na gari kumchukua mama yangu mzazi ahamie kwake Hombolo moja kwa moja, na aliyemfukuza mama nyumbani kwake ni mimi mtoto wake, tena nimemfukuza kwa majani ya bustani. Najua hapo umeshaanza kucheka. Tafadhali soma mpaka mwisho.

Mimi naitwa Silvano, na jina hili unaweza kuliandika kwa sababu wanaonijua wameshajua. Nina miaka arobaini na mbili, ni mtumishi wa serikali, ofisi yetu iko Mtumba, na ninaishi Zuzu kwenye kiwanja cha wazazi wangu, ambapo nilijenga nyumba mpya pembeni ya ile ya zamani na tunaishi humo mimi, mke wangu Violeth, watoto wetu wawili na mama. Baba alishafariki, kaburi lake liko hapohapo ukingoni mwa kiwanja upande wa reli. Mama macho yake yaliharibiwa na trakoma tangu ujana wake, akafanyiwa upasuaji wakati umeshapita, na huu ni mwaka wa tisa anaona mwanga wa mlango basi, mtu akisimama mbele yake anaona giza limesimama.

Lakini Bi Joha, ungemkuta uwanjani kwake usingejua kama haoni, maana alikuwa anatembea peku na uwanja wote aliujua kwa nyayo. Akishuka kizingitini anakanyaga udongo mgumu uliofagiwa, akienda mbele ardhi inainama kidogo mpaka anafika mahali pa kupuria mtama na uwele, duara kubwa ambalo yeye na baba walilishindilia kwa miguu mwaka waliooana, na kila mwaka mvua zikiisha linasilibwa upya kwa udongo na samadi ya ng'ombe mpaka linakuwa laini kama sahani, kisha akivuka hapo anaanza kukanyaga majivu na anajua amefika kwenye jiko lake la nje, na akikata kulia penye vijiwe anafika kwa baba. Kila asubuhi alikuwa anaufagia uwanja mzima akirudi kinyumenyume, kwa ufagio wa vijiti aliofunga mwenyewe, halafu baadaye akipita anasikia chini ya miguu mistari ya ufagio ilipovurugika, ananiambia, "Silvano, leo umetoka na vile viatu vizito, kuna kikao?" Na kweli kulikuwa na kikao.

Sasa kosa langu. Mwaka jana mwenzangu wa ofisini anaitwa Rodgers alikuja nyumbani kunisalimia, wakati wa kuingia akagonga viatu vyake kwenye ngazi kutoa vumbi, akasema, "Kiongozi, huku kwenu vumbi mnalipumua au mnalila?" Tukacheka wote, mimi nikacheka kuliko wote, lakini yale maneno yalinikaa. Mwaka huu binti yetu Erica alikuwa anapata kipaimara mwezi wa kumi na nilikuwa nimealika karibu ofisi nzima, nikawa kila nikifika getini jioni naangalia uwanja naona uwekundu mtupu na kuku wanakwangua, naona kabisa watu wanavyoshuka kwenye magari yao wakishika suruali. Mama alipokwenda Hombolo mwanzoni mwa mwezi wa tisa, maana mama mdogo ana shamba la zabibu na mama anapenda kukaa na akina mama wanaochuma na kusikiliza hadithi zao, nikaona ndiyo nafasi. Violeth aliniuliza, "Umemwambia mama?" Nikamjibu kwamba itakuwa sapraizi. Akaniuliza tena siku ya pili, nikamjibu vilevile kwa sauti ya juu zaidi. Nayasema haya ili usije ukamlaumu mke wangu, kwao Muleba majani yanafika mpaka mlangoni na bado aliona kuna jambo ambalo mimi Mgogo wa Zuzu sikuliona.

Nikamtafuta fundi wa bustani, Masudi, mtu mzima wa Kondoa mwenye kitalu chake, akaja na vijana wake. Ukoka wa kubandika hauwekwi juu ya udongo mgumu, lazima uchimbe kwanza, basi walichimba uwanja wote kwa sululu, na walipofika mahali pa kupuria sululu ikawa inaruka. Masudi akaniita, akasema, "Bosi, hapa chini mlimwaga zege?" Nikamwambia hapana, ni udongo tu, vunja. Nililitamka hivyo hivyo, vunja, nikiwa na simu sikioni. Wakavunja. Wakachanganya samadi na udongo mweusi, wakasawazisha kwa reki, gari dogo la mizigo, kirikuu, likaleta ukoka umekatwa vipande vipande kama mikeka midogo, wakavipanga vikikamatana kama matofali, wakavikandamiza kwa ubao na kuvinywesha maji, na baada ya wiki mbili za maji ya boza, Bi Joha, uwanja ulikuwa wa kijani kutoka kizingitini mpaka ukingoni kwa baba. Vijiwe vilitolewa kwa sababu vinaharibu ukoka. Ule ufagio Masudi aliuchoma pamoja na takataka na mimi nilikuwepo.

Siku ya kumrudisha mama tulijipanga, mimi, Violeth na watoto, na simu nimeishika tayari kumrekodi atakavyofurahi. Hiyo video ninayo, sijaifuta wala sijaiangalia tena. Mama akavua kandambili kama kawaida yake, akashusha mguu kutoka kwenye gari, akaurudisha ndani haraka. Akaniuliza kwa Kigogo, nami nakuandikia kwa Kiswahili, "Umenileta kwa nani?" Nikamwambia, "Nyumbani, mama." Akashusha mguu tena, akainama akapapasa kwa mkono, akasema, "Kwangu hapaoti majani. Majani yanaota kwenye mahame. Nani amekufa nikiwa Hombolo mnanificha?" Nikacheka. Nikamweleza majani ya bustani ni nini, nikamwambia hata Bungeni yapo. Akashikwa mkono mpaka ndani, kisha akasema, "Basi nipe ufagio wangu." Na mimi, tena kwa furaha kabisa, nikamjibu kwamba kufagia kumekwisha, sasa amepumzika.

Tangu siku ile hakutoka peke yake. Ilikuwa kila jioni akisikia mpira unamwaga maji ananiita, "Silvano, bomba limepasuka," namwambia hapana mama ni majani yanakunywa, kesho yake anarudia. Siku ya kipaimara wageni walikuja, wakaupiga picha ukoka, wakakaa juu yake, Rodgers akavua kabisa viatu akasema sasa hapa ni kwa kiongozi, na mama alikuwa ndani amekaa kitandani. Waliouliza kuhusu mama niliwaambia anapumzika, wakaenda mmoja mmoja kumsalimia kama mgonjwa.

Wiki iliyofuata, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, jua linawaka, Violeth alikuwa amefungulia mpira akaingia ndani kukoroga uji. Mama akasikia maji yanamwagika. Bi Joha, mama yangu ni mtu aliyechota maji kwa kuchimba mchanga wa korongo maisha yake yote, hawezi kusikia maji yanakwenda chini bure akakaa. Akatoka kwenda kulifunga bomba. Violeth alimkuta amekaa katikati ya ukoka, miguu ameinyoosha, kanga imelowa, uso ameuelekeza relini, anapapasa majani upande huu na upande huu. Akamwambia, "Mama, unatafuta nini?" Mama akajibu, "Naomba mniitie mwenye nyumba, anionyeshe mlango ulipo."

Violeth alinipigia simu analia. Nilitoka kwenye kikao nikasimama koridoni, simu bado sikioni.

Tangu hapo mama anakaa mlangoni, miguu ameiweka upande wa ndani. Anakula kidogo. Kwa baba hajafika tangu aliporudi. Nilimfungia kamba kutoka mlangoni mpaka jikoni aishike, akaishika mara moja akaiachia, akasema, "Mimi si mbuzi." Jirani yetu Miriam, ambaye yeye na wenzake wamepuria mtama wao kwenye uwanja wetu tangu mimi mtoto, alikuja na nusu kibuyu cha maziwa, akasimama ukingoni mwa ukoka akabisha hodi kwa salamu yetu ya Kigogo, "Mbukwenyi! Jamani, sisi tupite wapi?" Mama alisikia. Usiku ule ndio aliomba simu ampigie mama mdogo, na alimwambia maneno machache tu, kwamba pale Zuzu hana tena mahali pa kuweka mguu.

Sasa nifanye nini? Nimzuie kwa nguvu, au nimwache aende? Masudi ananishauri niweke njia ya vipande vya zege katikati ya ukoka ili tusipoteze vyote, na kusema kweli watoto wanaupenda, wanabingirika humo, na Violeth anafua nguo mara moja kwa wiki badala ya mara tatu. Na kuna jambo lingine ninaona aibu kuliandika, kwamba naogopa kuung'oa kwa sababu ofisi nzima wameuona, na Rodgers ameomba alete familia yake mwezi wa kumi na mbili. Najuta, Bi Joha. Nikikaa ofisini naona ile sululu inavyoruka. Nisaidie.

Ni mimi mwanao, Silvano, Zuzu, Dodoma.

*

Marahaba, Silvano.

Sikucheka. Nilipofika pale mama alipoomba aitiwe mwenye nyumba niliiweka barua yako mezani, nikatoka nje kidogo, nikarudi. Barua yako nimeipitisha mbele ya watu wanaosubiri zamu tangu mwezi wa nane, wanisamehe, wao wagomvi wao bado watakuwepo wiki ijayo.

Nikuambie la kwanza ili ulale: huna roho mbaya. Mtoto mwenye roho mbaya hajengi pembeni ya mama yake, anajenga mbali na kutuma salamu. Ulitaka mama apumzike, ulitaka binti yako apate siku nzuri, na mambo yote mawili ni ya mtu mwema. Tumeelewana hapo? Haya, sasa kaa vizuri nikugombeze.

Umeniandikia habari ya Rodgers mara tatu. Nimehesabu. Vumbi la uwanja ule ndilo ulilotambalia, ndilo lililokukuza, ulikwenda shule na miguu myekundu kwa vumbi hilohilo, halafu mtu mmoja akagonga soli kwenye ngazi ukaona haya. Unasema uwanja ulikuwa uwekundu mtupu na kuku. Silvano, ule uwanja ulikuwa umefagiwa! Mwanamke asiyeona alikuwa anauinamia kila asubuhi kabla hujafunga tai, na wewe ukatazama kazi ya mikono yake ukaona uchafu. Hapo ndipo ulipomkosea, na ulimkosea kabla kirikuu haijafika na kipande kimoja.

Mimi ni mtu wa Kondoa. Sisi na nyinyi Wagogo tuna mambo mengi hatufanani, lakini hili tunafanana: mama yangu alikuwa akiumwa, ndugu wanafika wanaangalia kwanza uwanja ndipo wanauliza hali. Ukikuta mistari ya ufagio unashusha pumzi, kuna mtu ameamka humo. Ukikuta majani yamefika mlangoni unapita na njia yako, kwa sababu walioishi pale wamekwisha kuhama au kufa. Haya yote unayajua, umekulia humo, ungeweza kunifundisha mimi. Mkeo kutoka Muleba hakuyajua na bado alikuuliza mara mbili. Mara ya pili ukampandishia sauti, na wewe na mimi tunajua mtu humpandishia mwenzake sauti wakati gani.

Kisha umempa mama kamba. Baada ya kamba unataka kumpa vipande vya zege. Zege hilo ni kamba nyingine, imelazwa chini tu. Mama yako hakuwa na njia moja ya kwenda jikoni kama treni, alikuwa na uwanja mzima, anakwenda anakotaka, anajua nani amepita, anajua hata una kikao. Usimpunguzie halafu ukasema huo ni msaada.

Umeniuliza umzuie au umwache aende. Usimzuie. Mtu mzima hafungiwi. Lakini pia usikubali mkoba wake ufungwe hali majani bado yapo, kwa sababu atakuwa hajachagua kitu, atakuwa amekimbia. Una siku kadhaa, zitumie.

Leo ukitoka kazini nenda ukakae chini, hapo mlangoni anapokaa yeye. Usikae kwenye kiti. Usimwambie "nisamehe kama nilikukosea", hilo "kama" liache ofisini kwenu. Mwambie, "Mama, niliuonea haya uwanja wako mbele ya watu." Hivyo tu, ulivyoniambia mimi usiyenijua. Atanyamaza, na wewe nyamaza. Akikutukana, mshukuru, maana tangu alipokaa kwenye maji yale hajamtukana mtu na hiyo si dalili nzuri.

Kesho chukua jembe. Wewe, Silvano, siyo vijana wa Masudi. Masudi wa watu hana kosa, na sisemi hivyo kwa kuwa ni wa kwetu. Alikuuliza kuna nini chini, wewe ndiye uliyemjibu. Anza kizingitini. Ukoka wa miezi miwili umeshashika mizizi, lakini bado unakatika, kata vipande na uvibandue, mpaka jikoni kwanza, halafu mpaka kwa baba yako, halafu kote. Vijiwe virudi mahali pake. Majivu pia, yamwage pale yalipokuwa, na usione ni jambo dogo.

Hutautupa ukoka wote. Watoto wapatie kipande nyuma ya nyumba, upande wa dirisha la chumba chenu, kisizidi ukubwa wa sebule, na kinywe maji ya suuza ya nguo. Unaobaki mrudishie Masudi kwenye kitalu chake. Boza lisije tena hapo kumwagia majani huku akina Miriam wanapanga ndoo. Na Violeth akisema kufua kutarudi mara tatu, ana haki ya kusema, basi wewe fua mara mbili.

Sasa kuna jambo sitakudanganya. Lile duara la kupuria halirudi. Utashindilia udongo mwingine na utakuwa mgumu, lakini ule uliovunja kwa sululu ulikuwa umeshindiliwa na miguu ya baba yako, na baba yako hana tena miguu ya kukukopesha. Hilo utakwenda nalo. Sina dawa yake na usiitafute kwa mtu mwingine.

Ila umeandika mwenyewe kwamba kila mwaka mvua zikiisha lilikuwa linasilibwa upya. Basi mama yako ni fundi wa kazi hiyo kuliko mtu yeyote hapo Zuzu, na hujamuuliza chochote. Udongo ukishakuwa wazi, mshike mkono hatua mbili, umwachie, umuulize duara lilianzia wapi. Atakuonyesha kwa mguu. Weka kijiti alipogusa, weka kingine, mpaka lizunguke lote. Nenda kwa Miriam kwa miguu yako, umwombe radhi, umwambie wenzake waje. Mvua za kwanza ziko karibu, zitalainisha udongo, nanyi mtakanyaga, wewe, mkeo, Erica, majirani, na mama akiwaambia wapi bado pamelegea. Mwezi wa tano utafuata samadi ya ng'ombe kwa ndoo na kusiliba unavyoelekezwa. Halitakuwa lile. Litakuwa lenu, na wajukuu wake watakuwa humo ndani.

Rodgers mkaribishe mwezi wa kumi na mbili. Mwekee kiti uwanjani. Akigonga viatu kwenye ngazi, mwambie taratibu, kuna mtu amefagia hapo.

Ile video usiifute. Iangalie mara moja, na sauti, mpaka unapocheka. Ndipo uende kuchukua jembe.

Limebaki la mwisho, na wewe ulilipitia haraka kwa sentensi moja. Ufagio. Aliuomba siku ileile aliyorudi, kabla hajaomba maji ya kunywa, na ulikuwa umeshautia moto. Usimnunulie ule wa dukani wenye mpini wa plastiki. Nenda korongoni ukate vijiti vya aina aliyozoea, ulete mzigo mkubwa na kamba ya katani, uweke mapajani kwake, aufunge mwenyewe. Fanya hivyo Ijumaa. Jumamosi alfajiri, kabla gari la Hombolo halijafika, mfikishe kizingitini, usiseme kitu. Akishamaliza kufagia ndipo umuulize kama bado anataka kwenda. Akisema anakwenda, mbebee mkoba mpaka garini na umfuate kila mwisho wa wiki, hujapoteza haki ya kwenda kuomba.

Lakini kuna swali lake la tangu Jumanne ile. Alikaa chini kwenye majani akaomba aitiwe mwenye nyumba, na mpaka ninapoandika hapa hakuna aliyemjibu. Mjibu wewe, Silvano. Mwekee ufagio mkononi, kisha usogee pembeni apite.